Sifa za Kukokota Baiskeli

Washambuliaji wa Simba na Yanga wanasifiwa redioni kila asubuhi. Bodaboda anasifiwa na vyama vyote, hasa uchaguzi ukikaribia. Hata fundi wa kuziba pancha ana watu wa kumshukuru. Aliyebaki bila msifu ni mmoja: yule aliyeshuka kwenye baiskeli katikati ya mlima, akashika usukani kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauegemeza kwenye siti, akaanza kuikokota huku akiomba asipite mtu anayemfahamu. Nimejitwika kazi ya kumsifu, tena si kwa kumwonea huruma. Ninachodai ni kwamba kukokota ndilo daraja la juu kabisa la uendeshaji baiskeli. Kukaa kwenye siti na kupiga pedeli ni mazoezi ya kuelekea huko.

Tuanze na ukoo, maana mtu hasifiwi kabla babu zake hawajatajwa. Mwaka 1817 Mjerumani aitwaye Karl Drais alijitokeza huko Mannheim na chombo cha magurudumu mawili, fremu ya mbao na usukani. Pedeli hazikuwepo. Mwendeshaji alikaa juu yake na kujisukuma kwa nyayo ardhini. Pedeli zilikuja kuvuma Ufaransa miaka ya 1860. Kwa hiyo anayeshuka mlimani na kwenda kwa miguu pamoja na baiskeli yake hajashindwa kitu. Amerudi kwenye asili ya chombo. Wanaopiga pedeli ndio waliozusha.

Na mabingwa wanatuunga mkono. Mwaka 1910 waandaaji wa Tour de France waliwapeleka waendeshaji kwenye milima mirefu ya Pyrenees kwa mara ya kwanza. Mfaransa Octave Lapize alifika mahali akashuka, akakokota, na alipowakuta waandaaji njiani akawaita wauaji. Mwaka huo nani alichukua ubingwa? Lapize. Karne moja baadaye, tarehe 14 Julai 2016, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunzia mbio za baiskeli Kenya, aligongana na wenzake mlimani Mont Ventoux baada ya pikipiki kukwama kwenye umati wa watazamaji. Baiskeli yake ikavunjika. Dunia nzima ikamwona akikimbia kwa miguu, amevaa jezi ya njano, viatu vyake vigumu vya baiskeli vikigonga lami. Ubingwa wa mwaka huo ulikuwa wake pia. Wakokotaji tuna neno moja tu la kumlaumu: aliiacha baiskeli nyuma. Kukimbia mikono mitupu hatukutambui.

Sasa twende Kigoma, ile ya juu. Anayeujua mkoa huo kwa ziwa, migebuka na mawese peke yake ameishia mlangoni. Ziwa Tanganyika lipo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kibondo uko karibu mita 1,500. Tofauti hiyo hailetwi na mlima mmoja mkubwa wenye jina na geti la kulipia. Inaletwa na vilima visivyojulikana na mtu yeyote isipokuwa walio na mashamba juu yake, kila kimoja na bonde lake, kila bonde na kijito chake, kila kijito na daraja lake, na ukishavuka daraja, mlima mwingine. Kutoka Kasulu hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 120 za mtindo huo. Ukishafika Kibondo ukapumua, bado una njia ya magharibi kwenda Mabamba, mpakani na Burundi, ambako ardhi inazidi kujikunja. Barabara kuu imekuwa ikiwekwa lami miaka hii ya karibuni, na wananchi wanashukuru. Lami inapunguza vumbi. Mlima haiupunguzi.

Mto Malagarasi wenyewe umeliona hilo. Unaanzia karibu na mpaka wa Burundi, si mbali sana na ziwa. Mto mwingine ungekata moja kwa moja ukafika. Malagarasi umevitazama vilima, ukaelekea kwanza kaskazini mashariki, ukazunguka kupitia mabwawa na nyika, kisha ndipo ukageuka magharibi kwenda kumwaga maji yake Tanganyika. Ikiwa mto wa pili kwa urefu nchini umeona si aibu kuviheshimu vilima vya Buha, nchi ya Waha, mimi na wewe wenye magoti haya ni nani? Naye Stanley alipopita Buha mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo na kila mtawala aliyedhani ndiye wa mwisho, hadi akaamua kutoroka usiku. Watawala wale hawapo tena. Vilima vinaendelea kutoza, na usiku havilali.

Katika safari za hisani za baiskeli zinazopita nchi ya namna hii ndipo ubora wa kukokota unapong'aa. Tunazo safari hizo Tanzania, na ni za heshima. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umeendesha changamoto ya Kilimanjaro ya kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi: wengine hupanda mlima, wengine huuzunguka kwa baiskeli. Angalieni jinsi kazi ilivyogawanywa. Kuzunguka, baiskeli. Kupanda, miguu. Tangu 2019 upo pia msafara wa Twende Butiama, wa kutoka Dar es Salaam hadi alikozaliwa Mwalimu Nyerere, ambao njiani huacha madawati na miti. Wanamuenzi kwa magurudumu mtu ambaye, mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu, zaidi ya kilomita 200. Hapo sijui mpiga pedeli atajitetea vipi. Mkokotaji hana haja ya kujitetea: anayo baiskeli na anatembea, kaufuata msafara na kamfuata Mwalimu.

Wachangiaji huahidi kwa kilomita. Soma fomu yoyote ya ahadi: imeandikwa kilomita, haikuandikwa kilomita za kukaa. Wala mchangiaji hafungui pochi kwa ajili ya mteremko. Nani amewahi kuguswa moyo na mtu anayeshuka mlima huku upepo ukimpepea? Fedha za hisani zinatoka pale msafara unapopinda mgongo. Sasa mpinda mgongo wa kweli ni nani: yule mwenye gia 21 anayezungusha pedeli kama feni, au yule aliyeweka uzito wa mwili wake wote nyuma ya chuma kisichotaka kwenda?

Wapo watakaosema mkokotaji anachelewa. Wasimame kwenye mlima mmoja tu wa njia ya Mabamba watazame. Mwenye kupiga pedeli amesimama juu ya pedeli, usukani unayumba kulia na kushoto, shingo imetoka mishipa, na kasi yake ni ya mtu anayetembea. Mkokotaji yuko ubavuni mwake. Tofauti ni kwamba mkokotaji anaweza kuongea.

Na kuongea huko Buha si anasa. Mama anayetoka shamba na jembe begani anasema "Mwakeye!", naye anatarajia jibu, kisha habari za mlikotoka, kisha za watoto, kisha atauliza mnakwenda wapi na nani kawatuma. Mpiga pedeli, mwenye miwani ya kioo cha rangi na kofia ngumu, anajibu "Mwa…" na pumzi inaishia hapo. Watoto wanamkimbilia wakicheka, na wana haki. Mkokotaji anamaliza salamu yote, anaelezwa kisima kiko wapi, anaelekezwa kwa fundi wa kuunga spoki, anaambiwa ni nyumba gani kuna ndizi mbivu, na akitaka ataondoka na habari za ndoa iliyovunjika kijiji cha pili. Ukichangisha pesa kwa ajili ya watu halafu ukawapita bila kuwasalimia, umechangishia nini?

Kukokota kuna ufundi wake pia. Baiskeli hukokotwa kutoka upande wa kushoto, kwa sababu cheni iko kulia na grisi haina rafiki. Usukani haukamatwi kwa nguvu, unaelekezwa tu. Nguvu zote zinatoka mkono wa nyuma. Pedeli ya kushoto lazima uitege mapema ikae juu na mbele, la sivyo itakusubiri hatua ya tatu ikugonge muundi, na muundi ukigongwa na pedeli mtu mzima hutamka maneno ya utotoni. Wafanyabiashara wa ndizi na mihogo wa Buha hawafundishwi haya na mtu. Utawaona alfajiri, mikungu imefungwa kwa vipande vya tyubu kwenye keria na ubavuni, mzigo umeinuka hadi kifuani mwa mwenye nao, siti yenyewe haionekani tena. Mtu huyo hakununua baiskeli ili akae. Alinunua chuma cha kumbebea, naye anakisaidia kutembea. Hata kwenye mteremko hapandi, anaikokota kwa kuizuia, visigino vimekita chini, na breki zikikosa hushika kwa kubana kandambili kwenye tairi la nyuma mpaka mpira unuke. Huyo ndiye profesa. Sisi wa fulana za hisani wenye namba mgongoni ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Masika nayo yanampandisha mkokotaji cheo. Udongo mwekundu wa Kibondo ukilowa hunasa kwenye tairi, ukajaa chini ya madigadi, gurudumu likakataa kuzunguka. Unakata kijiti, unachokonoa, unakwenda hatua kumi, unachokonoa tena. Mwisho unaiinua baiskeli begani. Hapo si mkokotaji tena, ni mbebaji, na baiskeli ndiyo inayokuendesha.

Ninalosema sasa ni la kweli zaidi kuliko mzaha. Katika vijiji vilivyo mbali na zahanati, baiskeli imekuwa gari la wagonjwa kabla ya msafara wowote wa hisani kubuniwa. Mgonjwa, mara nyingi mama mjamzito, anakalishwa kwenye keria juu ya khanga iliyokunjwa. Mmoja anashika usukani, mwingine anasukuma nyuma na kumzuia asianguke, wa tatu anabeba kikapu na kandili. Hakuna anayepiga pedeli. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupandishwa vilima vile kwa pedeli. Wanakwenda kwa mwendo wa anayeumia, wakisimama anaposema simameni. Hakuna fomu ya ahadi, hakuna fulana, na wanaochangia ni majirani walioacha kupalilia. Nikiulizwa safari ya hisani ya baiskeli ilianzia wapi, sitaitaja kampuni wala klabu.

Wanaobeza kukokota hupenda kututolea mfano wa Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko, mara ya kwanza Afrika, na mbio kubwa ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5 zenye mita 5,475 za kupanda. Vilima vile ni ndugu wa vilima vya Burundi na vya Buha. Tadej Pogačar alishinda, heko yake. Lakini kati ya zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza ni 30 tu. Wengine wote waliishia njiani, na hawa ni waendeshaji wa hadhi ya dunia wenye wapishi na wakandaji wao. Nitajieni mkokotaji aliyewahi kujitoa. Kwanza ajitoe aende wapi? Baiskeli ni yake, mzigo ni wake, na nyumbani ni ng'ambo ya mlima.

Kwa hiyo atakayepanga safari ya hisani kutoka Kasulu kwenda Mabamba afuate utaratibu huu. Asitoe zawadi kwa wa kwanza. Wa kwanza ameshajizawadia. Awape maji kwanza wanaokokota, na asiwatumie gari la kuwaokoa likiwa na kijana dirishani anayeuliza "Vipi mzee, tukubebe?" Chakula cha mchana kiwe ugali wa muhogo na maharage, juu ya mlima, si bondeni, maana anayeanza mlima akiwa ameshiba ugali wa muhogo hatakokota, atalala. Aruhusu pikipiki za bodaboda kupita, na kicheko chao akihesabu kama sehemu ya mchango.

Jambo moja tu lisivumiliwe. Jirani zetu wa Burundi, kwenye barabara inayopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama, wana vijana wanaoning'inia nyuma ya malori wakavutwa hadi juu pamoja na baiskeli zao. Ni ujasiri, na ni njia ya mkato ya kwenda kaburini. Mtindo huo unaweza kuvuka mpaka, na Mabamba iko mpakani. Aliyeshika lori hakukokota, amekokotwa. Kilomita zake zikatwe kwenye fomu, na aliyemwona ana wajibu wa kumtaja kwa mweka hazina.