Sifa za Mizani ya Posta

Watu wa Kisangani tunajua kusifu. Tumewasifu Wagenia na mitego yao juu ya maporomoko, tumewasifu vijana wa toleka, baiskeli za kubeba abiria, mto tumeusifu mpaka umechoka. Mizani ya posta haijapata hata ubeti mmoja, na mimi naona aibu.

Tazameni huruma yake. Ujumbe umehamia kwenye simu, mizigo inapanda mashua za mbao na pikipiki, nayo imetulia kwenye kaunta, haimsuti karani. Wapeleka barua wa vijijini kule Marekani wangeililia. Tangu Mei 2023 mshahara wao hukokotolewa na mfumo unaoipa kila kazi muda wake: kupanga barua, kufungua kisanduku, kutembea hadi mlangoni, na kifaa cha mkononi kinatoa ushahidi. Mfumo ulipoanza, njia nyingi zilipunguziwa saa, malipo yakafuata. Mizani yetu haijamwibia mtu hata sekunde.

Na haki yake! Enzi za Wabelgiji, Kisangani ilipoitwa Stanleyville, barua ya Mbelgiji na ya Mkongo zikiwa na uzito mmoja, ilizidai stempu ileile. Wakubwa wa posta walikuwa na kipimo cha haraka zaidi, ngozi: karani Mwafrika aliwekwa kundi la wasaidizi, na mshahara wake ulijulikana kabla hajagonga muhuri hata mmoja. Kuhesabu barua kwa nini? Patrice Lumumba, karani wa posta hapa miaka ya 1950 na kiongozi wa chama cha watumishi wa posta Waafrika, alilipigia kelele jambo hilo badala ya kuiga ukimya wa mizani. Mwaka 1956 akakamatwa kwa ajili ya fedha za posta zilizopungua. Mizani haikuitwa shahidi, noti si barua. Utaratibu mmoja kwa watumishi wa rangi zote ulikuja 1959, naye alikwisha kuondoka.

Siku hizi wafanyakazi wa SCPT, shirika lililoirithi posta hiyo, hulalamikia miezi ya mishahara isiyolipwa. Si wangemtazama jirani yao wa kaunta? Chuo Kikuu cha Kisangani kina sanduku la posta, B.P. 2012, kwenye karatasi zake, kwa hiyo barua yaweza kuingia wakati wowote, na mizani itakuwa kazini. Haijawahi kugoma, haina ada ya shule ya kulipa, na tangu inunuliwe haijadai hata mwezi mmoja.