Sifa Zimwendee Kipakiti

Nasimama kumsifu mkazi mmoja wa Ganze, kaunti ya Kilifi, ambaye hajawahi kupigiwa makofi katika mkutano wowote. Si mbunge. Si mwakilishi wa wadi wala chifu. Ni Kipakiti: yule wa sabuni ya unga ya shilingi kumi, wa majani ya chai, wa mafuta ya nywele, wa kiungo cha mchuzi, yule anayechanwa pembeni kwa meno, akakamuliwa mpaka hana kitu, akaachiwa upepo.

Anayetaka kuupima utukufu wake aangalie alikofika. Maji ya mfereji huku kwetu huja yanapotaka. Lami hutajwa sana kila mwaka wa uchaguzi. Kipakiti hana maneno mengi. Yuko Bamba, yuko Vitengeni, yuko Jaribuni, yuko Sokoke, na zile njia za ndani ambako bodaboda mwenyewe hushuka akasukuma, yeye ameshafika na ameshatundikwa. Ingia duka lolote, hata lile la dirisha moja lenye wavu wa chuma. Utamwona ananing'inia msumarini, mkanda mrefu, ndugu wameshikana ubavu kwa ubavu. Mwenye duka hanyanyuki kwenye kiti. Ananyoosha mkono, anamkata mmoja kwenye ule mstari wa vitobo, anamrusha juu ya meza, na noti haikuhitajika.

Huo ndio utu wake. Mfuko wa sabuni wa kilo unauliza una shilingi ngapi, na ukijibu vibaya unabaki rafuni na maringo yake. Kipakiti haulizi. Mama aliyeuza makaa asubuhi akapata hamsini, anaigawa hamsini hiyo: sabuni ya kumi, chai ya kumi, chumvi, kiberiti, kilichobaki unga. Kwamba kwa hesabu ya kilo mama huyu anailipia sabuni zaidi kuliko bibi wa mjini anayenunua ndoo nzima, hilo ni jambo la wanahesabu. Kipakiti ana adabu, halisemi mbele za watu. Wafilipino nao wanaishi hivyo hivyo, ununuzi wa vidogovidogo wanauita tingi, na pwani zao zimejaa ndugu zake. Kumbe ukoo ni mkubwa, na unapenda sana kukaa na maskini.

Sifa bila nasaba hazikamiliki, basi tuitaje upesi. Babu yake, polithini, alizaliwa Machi 1933 huko Northwich, Uingereza, na hakuna aliyemkusudia. Wakemia wawili, Gibson na Fawcett, walikuwa wakikandamiza gesi kwa nguvu nyingi kutafuta kitu kingine, wakafungua chombo wakakuta nta nyeupe. Binamu yake, mfuko wenye vishikio, ulibuniwa na Msweden Sten Gustaf Thulin ukapata hataza katika miaka ya 1960. Kipakiti mwenyewe amejengwa kwa tabaka: plastiki, karatasi nyembamba ya aluminiamu, gundi, plastiki tena. Ndiyo maana sabuni haiingiwi na unyevu hata wakati wa masika. Na ndiyo maana waokota taka hawamwokoti. Chupa ya maji wanaichukua, mtungi uliopasuka wanauchukua, ndoo isiyo na kitako wanaichukua, kwa sababu mwisho wa siku vinapimwa kwa kilo na kulipwa. Kipakiti hakuna mizani inayomtaka, maana tabaka zake haziachani. Hanunuliki. Katika nchi hii, ukisikia kuna mtu asiyenunulika, vua kofia.

Serikali nayo ilimheshimu. Majaribio ya 2007 na 2011 ya kuipiga marufuku mifuko ya plastiki yaliishia hewani, mpaka Waziri wa Mazingira Judi Wakhungu alipotoa tangazo mwaka 2017, na tarehe 28 Agosti ya mwaka huo marufuku ikaanza kung'ata: faini hadi shilingi milioni nne, au kifungo hadi miaka minne. Siku zile binamu yake aliyekuwa akiwabebea watu mboga alitoweka mchana kweupe. Muuza viazi karai akarudi kwenye gazeti. Sukari ya robo, iliyokuwa ikifungwa fundo kwenye nailoni nyembamba, ikahamia kwenye kaki. Mafuta ya kupima yakadai uje na chupa yako. Vizuri, na miji yetu ilionekana safi kwa macho. Lakini pale msumarini Kipakiti alikuwa akitazama tu, maana marufuku haikugusa vifungashio ambavyo bidhaa hutiwa kiwandani. Mama mwenye genge alitishwa kwa jela. Kiwanda kikaendelea kuchapa. Na ule mfuko mwororo wa rangi rangi tulioambiwa ni wa kitambaa? Ni polipropilini. Nailoni imevaa kanzu.

Tarehe 5 Juni 2020 ikaja marufuku nyingine, ya plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi, fuo na misitu. Hapa heshima yake ilipanda maradufu, maana alipewa mpaka. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko pale, kijiji kiko hapa. Kipakiti akipeperushwa akavuka kuingia kwa ndege na panya-tembo, ni mhalifu. Upepo ukigeuka ukamrudisha kwa watu, ni raia mwema. Miti inalindwa dhidi yake, watoto hawalindwi.

Sasa nimtaje kwa wafugaji, kwa kuwa huko ndiko alikopata jina. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na Ganze ilikuwemo. Majani yalikwisha, vichaka vikabaki miiba. Nani alibaki chini, anang'aa, ananukia chumvi na kiungo cha mchuzi? Mbuzi si mjinga. Kinachonukia chakula hula. Kipakiti akiingia kwenye tumbo kubwa hasagiki, haozi, hapiti. Anamsubiri mwenziwe. Akija wa pili wanaviringana, wanakamata kipande cha kamba ya gunia, wanamkamata wa tatu, hata linakuwa bonge. Mbuzi anajiona ameshiba, anasimama kivulini mwa mbuyu, hatafuni tena. Siku ya soko la mifugo pale Bamba mnunuzi anampapasa mgongoni anakuta mifupa, anamgonga tumboni anakuta limejaa, anatikisa kichwa na kutaja nusu bei. Akichinjwa, kisu kikipasua tumbo, bonge linaanguka kwenye sinia, la kijivu, limelowa, zito kuliko linavyoonekana. Ukilifumua kwa kidole utaona rangi ya buluu haijafifia na maandishi bado yanasomeka: Mpya! Niambie ni mtumishi gani mwingine wa umma aliyeweza kushibisha bila kulisha. Wapo, nakubali, lakini hawajamfikia.

Jikoni pia ana kazi. Makaa ya jana yakigoma, kinamama wanachukua vipakiti viwili vitatu, kiberiti, na moto unashika mara moja ukidondosha matone meusi yanayowaka. Moshi wake anaufahamu mwenye kifua. Mwalimu wa afya akija anasema msichome plastiki. Akiulizwa basi zipelekwe wapi, anafunga daftari.

Wengine wanadhani Kipakiti hufa. Hafi, huzaa. Jua la Ganze linamkausha, anakatika. Kwato zinamkanyaga, anakatika tena. Mwisho ni chembe ambazo jicho halizioni. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth aliwatangazia wanasayansi habari za chembe hizi baharini, na leo chembe isiyozidi milimita tano ndiyo inayohesabiwa kuwa mikroplastiki. Mvua ya kwanza ikipiga, watoto hao wanashuka makorongo hadi mto Ndzovuni, na Ndzovuni unawafikisha hori la Kilifi. Nje ya hori, baharini, wanakutana na wa bara. Maana taka za Nairobi zikiangukia mto Nairobi zinaingia Athi, Athi unageuka Galana, Galana unaitwa Sabaki, na Sabaki unamwaga kaskazini ya Malindi maji mekundu ambayo kila mvuvi wa Mambrui anayajua. Safari yote hiyo bila tikiti ya basi.

Baharini wamepokewa vizuri. Mwaka 2018 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Charles Kosore na wenzake, walichapisha ushahidi wa kwanza kwamba katika bahari ya Kenya hata zuplanktoni, vile vidudu vinavyoelea ambavyo samaki wadogo huvila, vimeshaanza kumeza chembe hizi. Mwaka huohuo, Novemba, nyangumi alisukumwa ufuoni Wakatobi, Indonesia, na tumboni mwake mkakutwa karibu kilo sita za plastiki: vikombe 115, ndala mbili, na mifuko. Kwetu kasa wanaotibiwa Watamu wengine huletwa wakielea kama boya, hawawezi kuzama kutafuta chakula kwa sababu ya walichomeza. Halafu watu nao. Mwaka 2021 madaktari wa Italia waliripoti chembe katika kondo la nyuma la kinamama wanne kati ya sita waliochunguzwa. Mwaka 2022 Waholanzi wakazikuta katika damu ya watu 17 kati ya 22. Kwetu mtoto husubiri mzee ampe jina. Kipakiti hasubiri mzee.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumekaa naye miaka na hajashika jembe. Waliowahi kuwapa kazi jamaa zake ni wachache. Fundi Ali Skanda na wenzake kule Lamu walichukua kama tani kumi za plastiki na ndala za fuoni, wakaunda jahazi, Flipflopi, na mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Watamu nako Watamu Marine Association hukusanya taka za ufuoni na kuzipeleka kutumika upya. Hawa nawavulia kofia bila mzaha. Ila tazama ramani. Lamu ina bahari, Watamu ina bahari na hoteli, na plastiki iliyolala kwenye mchanga mweupe hupigwa picha, huombewa fedha na kuandikiwa ripoti. Iliyolala kwenye mwiba wa Bamba haina mtalii. Kipakiti wa Ganze anaingia kwenye takwimu za dunia siku anapofika baharini, wala si siku alipomuua mbuzi wa mtu.

Mataifa nayo yamemkalia vikao. Machi 2022, papa hapa nchini, Nairobi, yalikubaliana kutafuta mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki; Busan mwishoni mwa 2024 mkataba haukupatikana, Geneva Agosti 2025 haukupatikana. Waliotaka uzalishaji wenyewe upunguzwe walivutana na wenye mafuta ya petroli. Kipakiti hakupeleka hata mjumbe mmoja, na ameshinda raundi zote.

Sheria za nyumbani anazo za kutosha. Katiba ya 2010 iliiachia kaunti kazi ya kuondoa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe na kaunti iwe na mahali pa kuzichambua. Kanuni za 2024 zinamtaka mwenye kutia bidhaa sokoni abebe mzigo wa kifungashio chake hata baada ya kuuza. Maandishi mazuri, na kila moja linamhusu yeye.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimchoka Kipakiti, usianze kumgombeza mama wa Vitengeni mwenye shilingi kumi. Hakumtengeneza na hana pa kumpeleka. Kaunti ya Kilifi ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nenda, keti mbele, na uulize mambo mawili: lori la taka la Ganze limewekewa shilingi ngapi, na wenye viwanda wamechangia ngapi. Ukijibiwa kwamba suala hilo litashughulikiwa, usikae. Uliza tena, na uombe liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.