Mvua ya Kutoka Chini

Sambusa zilikuwa 60. Nilianza kuzikaanga kabla ya alfajiri, nikazipanga kwenye kikapu cha ukili alichonipa mama nilipoondoka nyumbani, nikazifunika kwa kitambaa cheupe. Mume wangu akakifunga kikapu kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Tulikuwa tunakwenda Breukelen kwenye ubatizo, kama kilomita 12 kutoka kwetu Utrecht, ukifuata mto Vecht. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, barabara bado imelowa.

Baiskeli yetu ni ya watu wawili. Waholanzi huiita tandem, nayo ina urefu wa kama mita mbili na nusu. Mume wangu anakaa mbele kwenye usukani, mimi nyuma yake. Presha ya macho ilininyang'anya uoni kidogo kidogo mpaka nikabaki na mwanga na vivuli, na katika nchi hii ambako kila mtu anapanda baiskeli, mimi nilikuwa nimebaki dirishani. Siku tuliyoileta tandem nyumbani nililia. Miguu yangu ilikuwa inakanyaga tena, upepo unanipiga usoni, na simwombi mtu lifti.

Tuliinunua kwa mtu, ikiwa na madigadi za bati, ndefu, zimeifunika tairi vizuri. Ya mbele ilikuwa inagongagonga. Wiki moja kabla ya ubatizo mume wangu akachukua spana namba 8, akazifungua zote mbili, akaziweka stoo.

Sikumlaumu, maana nilijua alikolitoa wazo hilo. Yeye amekulia Shinyanga, kwenye ardhi ya mbuga. Udongo ule mweusi ukilowa unanata kama ugali mbichi. Unapanda na tairi, unajazana chini ya madigadi, unashindiliwa mpaka gurudumu linagoma kabisa. Akiwa kijana alikuwa akibeba pamba kwa baiskeli ya baba yake, na kila hatua chache anashuka, anachokonoa tope kwa kijiti. Wenye akili, anasema, walizing'oa madigadi mvua zilipoanza Novemba, wakazirudisha mvua zikiisha. Kwa Shinyanga ni kweli tupu. Lakini huku njia za baiskeli ni lami safi, nyekundu, haina tope la kunata. Ina maji tu, na mchanga mwembamba unaosafiri na maji. Na mvua ya huku haina msimu, inanyesha mwezi wowote inapojisikia.

Hatujafika mbali nikaanza kusikia matone mgongoni. Nikamwambia, "Baba, mvua imerudi." Akasema, "Hapana mama, mbingu imefunguka, jua hilo." Nikainua uso. Paji la uso kavu, mashavu makavu. Na bado mgongo unalowa, baridi inapanda kwenye uti wa mgongo mpaka kwenye shingo. Nikanyamaza. Mtu asiyeona huzoea kudhani kosa ni lake.

Tulipofika, mwenyeji wangu alinipokea, akanikumbatia, kisha mikono yake ikasimama mgongoni kwangu. "Dada, umeanguka?" Nikapeleka mkono nyuma. Gauni langu la kitenge, lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, lilikuwa na mstari wa unyevu upana wa kiganja, kuanzia kiunoni hadi kwenye kilemba, na ndani yake mchanga ulikuwa unakwaruza vidole kama msasa. Kikapu kilikuwa kinadondosha maji. Nilichukua sambusa moja ya chini, nikaionja. Ganda limelegea, na mchanga ukalia kwenye meno. Tuliokoa 14 za juu.

Mume wangu alisimama pale hasemi kitu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maji, hilo alilijua. Ila mgongo wake ulikuwa mkavu kabisa, shati limenyooka. Ukipanda peke yako bila madigadi, gurudumu la nyuma linarusha maji kwenye mgongo wako mwenyewe, hivyo unajua kosa lako palepale. Kwenye tandem mbele yupo mmoja na nyuma yupo mwingine, na mwili wa nyuma ndio unaopokea yote. Yeye asingeweza kujua. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Jioni ile ile, kabla hata ya kuvua viatu, aliingia stoo.

Madigadi ya nyuma ilirudi bila shida. Ya mbele ilikuwa imepinda, tukanunua mpya ya plastiki, nayo ilikuwa fupi. Mgongo ukapona, ila miguu ikaendelea kulowa, yake na hata yangu, maana maji ya gurudumu la mbele yanaruka chini chini kwenda nyuma. Mnyororo nao ukateseka. Tandem ina minyororo miwili, mmoja wa kuunganisha pedali zake na zangu, mwingine wa kwenda gurudumu la nyuma. Ule wa kwanza ulipokunywa mchanga nilikuwa nausikia unasaga chini ya miguu yangu kama mtu anatafuna wali wenye mawe. Basi akakata kipande cha raba kwenye buti kuukuu la mvua, akakitoboa, akakifunga kwa bolti mbili mwishoni mwa madigadi ya mbele, kikaning'inia mpaka kubaki upana wa kiganja kufika chini. Kipande kile cha buti ndicho kilichomaliza kesi. Soksi zikabaki kavu.

Majani ya vuli yalitusumbua kidogo, yanajikunja kati ya tairi na madigadi na kukwaruza. Akainyanyua kidogo, yakawa yanapita.

Ukaguzi sasa ni kazi yangu. Kabla ya kutoka napitisha kidole kati ya tairi na madigadi, pande zote, nikizungusha gurudumu taratibu. Kidole kikipita bila kubanwa, na nyaya za kushikilia zikiwa hazichezi, tunaondoka. Nati ikilegea vidole vyangu vinaijua kabla ya macho yake.

Naye amejipa kazi yake. Kila tukikaribia maji anasema, "Dimbwi," bila kugeuka. Anaacha kukanyaga, nami nasimama naye, kwa sababu pedali zetu zimefungwa pamoja. Tunateleza kimya, maji yanapiga ndani ya madigadi chini yetu. Halafu anauliza, "Huko nyuma?"

Napeleka mkono mgongoni, kisha kwenye kikapu.

"Huku kukavu."

Tunaanza tena kukanyaga.