Uchina Bila Kufungua Kinywa

Ndugu zangu wa nyumbani,

Najua hesabu mnayopiga huko: mtoto yuko Beijing, anakula Beijing, analala Beijing, kwa hiyo mwaka wa lugha ukiisha atakuwa anamwaga Kichina kama maji. Hesabu hiyo ina tundu. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa ufadhili atakayesoma shahada kwa Kichina huanza na mwaka wa lugha, na shabaha yake kwa kawaida ni mtihani wa Kichina wa HSK, daraja la 4, lenye orodha iliyozoeleka ya maneno 1,200. Wengi wanafaulu. Lakini karatasi ya HSK inapima kusikiliza, kusoma na kuandika; mazungumzo yana mtihani wake wa pembeni, HSKK. Inawezekana kabisa kurudi na cheti safi na ulimi mzito. Nami nadai kwamba kinachoutia ulimi huo uzito si zile toni nne mnazozisikia kwenye vichekesho, wala maandishi yenye mikono na miguu mingi. Ni simu.

Chukueni siku ya kawaida. Mgahawani, mezani kumebandikwa msimbo wa QR: unauskani, picha za vyakula zinajipanga, unabonyeza, unalipa, bakuli linakuja. Dukani bei imeandikwa, hakuna wa kumlilia hali. Ukinunua soksi mtandaoni, zinawekwa ndani ya kabati la vifurushi unalolifungua kwa namba, wala aliyezileta humuoni. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma, anayepigwa na baridi ya Januari kando ya barabara, amening'iniza msimbo wake wa malipo wa WeChat au Alipay kwenye mkokoteni. Jioni mgeni ameshiba, amesafiri kwa treni ya chini ya ardhi, amevaa soksi mpya, na hajatamka hata silabi moja. Kwenye soko la Kariakoo muujiza huo haupo. Pale bei yenyewe haijazaliwa mpaka watu wawili wabishane, na asiyejua Kiswahili hufundishwa na mfuko wake.

Mtasema simu ni msaada, iacheni. Nakubali, kwa kipimo. Sheria inamtaka mgeni asiyekaa hotelini aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike, na mwenye viza ya masomo marefu aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Mbele ya fomu za taratibu hizo, au mbele ya daktari, anayetumia programu ya kutafsiri ana busara kuliko anayeeleza tumbo lake kwa ishara. Ila dharura haiji kila siku, na simu inatoka mfukoni kila siku. Mwingine atasema uvivu ni wa mtu, kifaa hakina kosa. Mbona chuo cha lugha cha Beijing kilianzishwa mwaka 1962 na wageni wa enzi hizo walijifunza? Walijifunza kwa sababu aliyetaka chakula ilibidi akitaje. Hawakutushinda kwa bidii, walitushinda kwa njaa. Sisi tumeondolewa sababu ya kusema, kisha tunalaumiwa kwa kunyamaza. Ongezeni kwamba wageni hupangiwa mabweni yao. Mkikuta ukumbini Mtanzania, Mkenya, Mrundi na Mkongo wanabishania namna ya kupika ugali, jueni wapo watakaomaliza mwaka wa lugha wakiwa wamekinoa Kiswahili.

Dawa ipo, nayo haihitaji betri: wazee wa bustanini. Kwa muda mrefu wanawake wa mijini hapa walistaafu wakiwa na miaka 50 au 55, wanaume 60, kwa hiyo kuna jeshi la watu wenye nguvu na nafasi. Nendeni bustani ya Tiantan asubuhi muwaone wakicheza karata, wakiimba na kujinyoosha. Ukikaa karibu utaulizwa umri, kama umeoa, na mshahara wa baba yako, maswali yaleyale ya shangazi zetu, na kwa sauti ileile. Hawana haraka, hawaoni haya kurudia, na hawakutafuti ili wajizoeze Kiingereza. Walimu watanionya kwamba wazee wa Beijing huviringisha ulimi na kumeza nusu ya neno, tofauti na yule bibi msafi wa kwenye kanda ya HSK. Ndivyo. Lakini bibi wa kanda hajawahi kumuuliza mtu kwa nini hajaoa, na swali linalokuudhi hujibiwa upesi kuliko swali la mtihani.

Nanyi mna sehemu yenu. WhatsApp hapa haifunguki mpaka kizuizi kizungukwe kwa VPN, na tumewatangulia kwa saa tano. Salamu yenu ya saa tatu usiku inagonga hapa saa nane, tena kwa Kiswahili fasaha kisichonisaidia mtihani. Kwa hiyo majibu yakichelewa, yahesabuni kuwa maendeleo ya masomo. Wale mlioleta orodha ya simu za kuletewa, imefika. Ila baada ya hoja zote hizi sioni kifungu kinachoniruhusu kusafirisha nyumbani kifaa kinachonyamazisha watu, hasa kwa familia yetu, ambayo kipaji chake pekee ni kusema.