Mwongozo kwa Mgeni wa Osiri Asiyetaka Kukatwa

Ukishuka Osiri, huku Nyatike, Migori, kwenye machimbo ya dhahabu, usimwambie yeyote kuwa umekuja kutafuta kazi. Kazi ndiyo njia ghali zaidi ya kupata pesa nchini Kenya.

Ukikaidi na kuajiriwa, tuseme mwalimu au muuguzi, jifunze kwanza kusoma peslipu. Bima ya afya ya SHA 2.75%, nyumba za bei nafuu 1.5%, akiba ya uzeeni ya NSSF nayo ina chake. Kisha PAYE, ushuru wa mshahara, inachukua 30% ya kila shilingi inayovuka 32,333 kwa mwezi. Mshahara ukinona sana, kiwango hupanda hadi 35%. Huhitaji kusumbuka, mwajiri hukukatia. Wewe umeachiwa jukumu la kujaza ritani kabla ya Juni 30 kisha kukiri rasmi kwamba kweli ulikatwa.

Njia ya kistaarabu ni kuwa na milioni kumi. Tafadhali usiulize zitoke wapi. Mwongozo huu ni wa ushuru. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu, riba 18.4607% kwa mwaka. Milioni kumi zako zingekuletea takriban 153,800 kwa mwezi, na ushuru wake ni sufuri. Muuguzi anayepata kiasi hichohicho kwa zamu za usiku hukatwa PAYE pekee inayokaribia 35,000. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza 5% kwa riba ya hatifungani mpya za aina hii. Vijana wakajaa barabarani kupinga mswada huo na ugumu wa maisha, mswada ukaondolewa Juni 26, na wenye hatifungani, ambao hawakuonja moshi wa vitoza machozi, wakapona pia.

Hisa nazo hazina ubaya. Gawio hukatwa 5% basi, liwe la elfu mbili au la milioni ishirini. Wakili wa matajiri atakukumbusha kwamba kampuni imeshalipa 30% ya faida yake kabla ya kugawa, na hapo ana hoja, mimi simbishii. Lakini hisa za Soko la Nairobi zikipanda bei ukaziuza, faida hiyo haitozwi ushuru wa faida ya mtaji, na hapo wakili huangalia saa. Ukipendelea nyumba za kupangisha Migori mjini, ushuru ni 7.5% ya kodi unayokusanya.

Sasa utasema, omera, huku shimoni hakuna PAYE. Ni kweli, na usijipongeze mapema. Magunia ya mawe yakitoka shimoni, mwenye shamba huchukua fungu lake, naye hakushika sururu. Mfadhili aliyenunua chakula na magogo ya kuzuia udongo huchukua lake. Yanayobaki ndiyo wachimbaji hugawana, kisha mwenye krasha anadai ya kusaga. Mara nyingi mchanga uliooshwa hubaki kwake, ungali na dhahabu ambayo zebaki haikuinasa, na wenye matangi ya sianidi huununua kwa ajili hiyo. Haya yote hayana bendera ya taifa, ndiyo maana hayaitwi ushuru. Na ukinunua gambuti na betri za tochi, VAT ya 16% haikuulizi kama ulipata pointi moja ya dhahabu, kipimo cha huku, au hukupata kitu.

Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: 70% kwa serikali kuu, 20% kaunti, 10% jamii inakochimbwa. Usipange safari yako kwa kutegemea hiyo 10%.

Ukiishiwa, mnunuzi wa dhahabu atakukopesha kwa tabasamu, mradi umuuzie yeye. Kabla ya kupokea noti, uliza pointi ataihesabu kwa bei gani, na mizani ni ya nani.