Namna ya Kucheza Karata Peke Yako Masimba

Kwanza subiri mvua. Haitakuchelewesha; milima ya Kisii hunyeshewa alasiri karibu mwaka mzima. Ikishika, akina mama wa ndizi hufunika mali kwa turubai, vijana wa bodaboda hujibanza kwenye varanda za maduka, na kila mtu hubaki na saa nzima asiyokuwa na kazi nayo. Pindua kreti ya soda, hiyo ndiyo meza.

Kisha azima karata kwa vijana wa stejini. Pakiti kamili ina 52, ila hii imeshachezewa kadi misimu kadhaa, basi usishangae ukikuta joka limeandikwa kwa biki: "7 shupaza". Liheshimu. Limefanya kazi hiyo kuliko saba nyingi halali.

Gawa safu saba: ya kwanza karata moja, ya pili mbili, hivyo hivyo hadi ya saba, na ya mwisho ya kila safu uiache wazi. Zimekwenda 28, zile 24 ni akiba. Shuka ukipishanisha rangi, nane nyekundu juu ya tisa nyeusi. Ree zikijitokeza ziweke kando, upande nazo hadi mfalme. Safu ikibaki tupu, hakai humo ila mfalme, sheria ambayo wazee wa hapa huielewa bila kufundishwa.

Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu uko kwenye kuwa peke yako.

Omogaka, yaani mzee wa heshima, akitokea, karata huwekwa chini, mkono hutolewa, na habari huulizwa za nyumbani, za majani chai na za ng'ombe. Ndipo atakapotazama kreti.

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu, tata."

"Na nani anashinda?"

Usijibu. Nyuma yako wameshasimama wanne, na mmoja anakuonyesha kwa kidole pa kuweka malkia wa kopa. Wataalamu wa hesabu wamekadiria kwamba mchezaji anayejua kila karata iliyofunikwa ni ipi angeweza kumaliza takriban michezo 82 kati ya 100. Duniani kote mchezaji huyo ni wa kufikirika. Masimba yuko, anakupumulia shingoni. Hata kujiibia, starehe kuu ya mchezo huu, huwezi: mashahidi ni wengi mno.

Ukizidiwa, hamia mchezo wa saa: mafungu 13 ya karata nne nne, unafungua inakokutuma karata. Hakuna la kuamua, kwa hiyo hakuna la kushauriwa, na nafasi ya kushinda ni moja kati ya 13. Watakushauri vilevile. Mchezo wa buibui achana nao. Unataka pakiti mbili, na varanda nzima itakuwa imenyimwa mchezo kwa ajili yako.

Kuna wanaokimbilia kompyuta, ambako mchezo huu wa safu saba uliingia na Windows 3.0 mwaka 1990. Faragha ipo, lakini nayo ina bei. Mwaka 2006 Meya wa New York, Michael Bloomberg, alizuru ofisi ya jiji lake kule Albany, akauona kwenye kompyuta ya mtumishi mmoja, na mtumishi akafutwa kazi.

Basi ukipita Masimba mvua ikinyesha na umwone mtu amejiinamia juu ya kreti, msalimie uende zako. Nane nyekundu mwache aione mwenyewe.