Namna ya Kuwatesa Wapendanao

Unataka kutunga filamu ya mapenzi ya kuchekesha itakayopendwa hadi na wajukuu zako? Kwanza kubali kuwa katili. Wawili wakikutana, wakapendana na kuoana bila kikwazo, ulichotengeneza ni video ya harusi, na hiyo huangaliwa na ndugu wa bwana na bibi harusi peke yao. Kazi yako ni kuwazuia kwa saa nzima na nusu, na kizuizi chenyewe kiwe kitamu.

Kizuizi kitamu kuliko vyote ni blanketi. Mwaka 1934, katika It Happened One Night, Frank Capra alimpandisha Claudette Colbert, binti wa tajiri aliyemtoroka baba yake, kwenye basi kutoka Miami kwenda New York. Humo akamkutanisha na Clark Gable, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Njiani wanalazimika kulala chumba kimoja. Gable anafunga kamba katikati ya vitanda, anatundika blanketi na kuliita kuta za Yeriko. Basi! Kuanzia hapo mtazamaji haondoi macho kwenye blanketi lile, maana aliyesikia habari za Yoshua anajua kuta hizo ziliishia wapi. Nawe usihangaike kutafuta simba wala mafuriko. Watenganishe kwa kitu ambacho mkono mmoja ungetosha kukiondoa, halafu mkono huo usithubutu.

Kisha mwaibishe steringi. Gable anajigamba kwamba anajua kila namna ya kusimamisha magari kwa kidole gumba. Yanampita yote. Colbert anainua sketi kidogo tu, na gari la kwanza linafunga breki. Mwanamume asiyewahi kushindwa mbele ya macho yetu hatutamtakia mke. Filamu hiyo ilizoa tuzo zote tano kubwa za Oscar, kuanzia ya filamu bora hadi ya muswada, na ilistahili kila moja.

Ukikosa blanketi, tumia miaka. Nora Ephron aliandika When Harry Met Sally, iliyotoka 1989 chini ya mwongozaji Rob Reiner, akawacheleweshea wapendanao zaidi ya miaka 12. Wanaanza kubishana ndani ya gari kutoka Chicago kwenda New York: je, mwanamume na mwanamke wanaweza kuwa marafiki tu? Kadiri wanavyobishana ndivyo tunavyowaona wanavyofaana, nao hawaoni. Na uwe mkarimu kwa wahusika wa pembeni. Neno linalochekesha kuliko yote humo, lile la mgahawani, anapewa mama wa meza ya jirani. Mama huyo ni Estelle Reiner, mzazi wa mwongozaji mwenyewe.

Umbali nao unatumika, ila kwa tahadhari. Katika Sleepless in Seattle ya 1993, Tom Hanks na Meg Ryan wanakuja kuzungumza mwishoni kabisa, juu ya jengo la Empire State. Ni filamu nzuri, lakini mimi naiweka chini ya Harry na Sally, kwa kuwa watu wasiokutana hawapati nafasi ya kugombana, na ugomvi ndio utamu wenyewe.

Ukiwa na moyo mgumu kabisa, usiwaunganishe hata mwisho. William Wyler alithubutu mwaka 1953 katika Roman Holiday: Audrey Hepburn, binti mfalme aliyeiba siku moja ya uhuru mjini Roma, anarudi kwenye wajibu wake, na Gregory Peck anatoka ukumbini peke yake. Amekuwa na habari ya kumtajirisha, akaamua kutoiuza. Heshima hiyo inatutosha badala ya ndoa.

Kabla hujaandika hata ukurasa mmoja, tafuta ile ya 1934 uitazame na mtu unayependa kubishana naye. Usiogope kwamba haina rangi.